Pale Mama Anapoongea

Kwenye kampuni moja ya bima kule Kicukiro, Rwanda, faili likipotea hakuna anayethubutu kumlaumu mwenzake kabla Winifred wa masjala hajaulizwa. Ana miaka hamsini na sita, na zaidi ya nusu ya hiyo ameimaliza humo ndani akipanga karatasi za watu wengine. Mabosi watatu wamekuja na kuondoka wakimwacha pale pale, na kila mmoja alijifunza upesi kwamba ukitaka kukosana na huyu mama, beba faili bila kusaini daftari. Nayasema haya mapema ili usije ukamdhania mzembe, maana yaliyompata ni mambo ya mtu mzembe.

Alizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, kwa wazazi Wanyarwanda waliokuwa wamekimbilia huko. Mwaka 1981, akiwa na miaka kumi na miwili, wimbo mmoja wa Kikongo ulimganda kichwani. Kaseti yake haikupatikana Karagwe nzima, na redioni ulipigwa katika kipindi cha salamu tu, tena kwa kubahatisha. Basi akaazima rekoda kwa mwalimu wake, akaiweka kwenye kigoda mbele ya redio ya baba, na kila siku kipindi kilipoanza akakaa kando yake kidole kikiwa kwenye kitufe. Alikaa hivyo wiki tatu.

Waliokulia enzi hizo wanaujua utaratibu. Ukirekodi kwa namna hiyo, nyumba nzima inapigwa marufuku kusema. Anayekohoa ameingia kwenye kanda, na jogoo wa jirani naye akiwika ameingia. Siku wimbo ulipopigwa, wote walinyamaza isipokuwa mama yake, ambaye alikuwa jikoni na hakusikia amri ya binti yake. Katikati ya wimbo, pale gitaa linapotulia kidogo, aliingia akasema kwa Kinyarwanda, "Mugeni, ngwino urye." Mugeni, njoo ule. Mugeni ndilo jina alilokuwa akiitwa nyumbani.

Mama huyo alifariki mwaka 1990, miaka minne kabla familia haijarudi Rwanda. Picha zake ziko mbili, na zote ametazama pembeni. Sauti yake ilibaki hiyo moja tu, maneno matatu juu ya gitaa la watu. Baada ya hayo maneno matatu kuna kingine kwenye kanda, lakini hicho Winifred hajawahi kumsimulia mtu.

Binti wa Winifred, Shimwa, ndiye aliyeokoa kanda zote za zamani za mama yake. Akiwa likizo ya sekondari alizihamishia zote kwenye laptopu, na akafanya vizuri, kwa kuwa mwaka huohuo redio ilizitafuna mbili na hiyo ilikuwa mojawapo. Mwaka jana, Shimwa akiwa sasa na kazi yake Musanze, alimfungulia mama yake akaunti ya muziki wa mtandaoni, ule wa kulipia kila mwezi, akapandisha humo nyimbo zote za kwenye laptopu. Alimwambia, "Sasa utazisikiliza popote, mama, hata ofisini."

Winifred alisubiri saa ya chakula. Wenzake walipotoka, akakaa kwenye ngazi ndogo katikati ya rafu, akavaa visikilizio, akaufungua wimbo kwenye simu. Ulitoka safi ajabu, hauna mikwaruzo, kila chombo mahali pake. Akafumba macho akingojea. Gitaa likatulia, kisha mwimbaji akaendelea na ubeti wa pili.

Mama hakusema kitu.

Akaurudisha, akausikiliza tena, mara nne.  Alipofika nyumbani aliwasha laptopu kabla hata ya kuvua viatu, na mama yake alikuwemo humo, anamwita akale kama siku zote. Kwenye laptopu anaongea, kwenye simu amenyamaza. Winifred, ambaye ni Mkatoliki wa jumuiya na hapendi mambo ya mizimu, alijiambia kwamba ni mashine tu. Lakini tangu mwaka 2009 hakuwa amekwenda Karagwe kupalilia kaburi la mama, na hilo nalo alilifikiria.

Kesho yake akamshika Dennis, kijana wa Kenya anayeangalia kompyuta za ofisi. Hakumweleza habari za mama yake, kwani angeanzia wapi? Alimwambia tu kwamba nyimbo za simu na za laptopu hazilingani.

"Hiyo ni kitu ndogo sana, madam," Dennis alisema bila kuinua macho. "Kwa laptop, futa zile zote ziko na alama ya wingu, alafu uzidownload upya. Zitakuwa sawasawa."

Hapo ndipo usafi wa mafaili ulipomponza. Mtu mwingine angefuta mbili tatu, akachoka, akaenda zake. Winifred, Jumapili baada ya misa, alichukua karatasi, akaorodhesha nyimbo zote mia moja na themanini, akaanza kuzifuta moja baada ya nyingine huku akizipigia alama kwa penseli. Alipomaliza akasafisha na kapu la takataka la kompyuta, maana hapendi uchafu. Kisha akazipakua upya, jioni nzima. Alikuwa na imani kwamba zikilinganishwa, simu ndiyo itakayopata kilicho kwenye laptopu. Hakuwaza hata mara moja kwamba mambo yanaweza kwenda upande wa pili.

Alipoupiga wimbo, simu na laptopu zilipatana kabisa. Mama alikuwa amenyamaza kotekote.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Alisema amepoteza hamu ya kula, na kweli alikonda, ila sababu hakuitaja. Kila ilipokaribia saa sita na nusu, akiwa peke yake masjala, alisikia akiitwa. Si kwa nguvu, ni kama mtu anayeita toka chumba cha pili akijua utamsikia. Alisikia kwenye bomba la choo likijaza maji, na mara moja kwenye mlango wa rafu ya chuma uliokuwa ukijifunga polepole. Aligeuka, na hapakuwa na mtu. Kilichomtisha zaidi ni kwamba kadiri siku zilivyokwenda sauti ile ilikuwa inabadilika, haikuwa na uhakika ule wa mama yake. Alikuwa ameanza kuisahau, naye hakuwa na pa kwenda kuikumbuka.

Shimwa, aliyeambiwa tu kwamba nyimbo zimepotea, ndiye aliyempeleka kwa Shami, kwa simu, akimwelekeza njia. Shami anatengeneza simu na kompyuta Biryogo, kwenye kichochoro kilichopakana na mafundi cherehani, kibanda cha meza moja na feni. Ni mtu mzima mwenye kofia ya kufuma na miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya vitu vidogo. Alimkaribisha kwenye stuli, akamwagizia chai, ndipo akamuuliza.

"Mama Shimwa, karibu sana. Hii mashine iko na shida gani?"

Kwa mara ya kwanza Winifred alieleza yote: redio, rekoda, gitaa linapotulia, maneno matatu. Shami alisikiliza akivua miwani na kuivaa tena. Hakucheka.

"Sasa nimeelewa," alisema. "Hao watu ya muziki, ukiwaletea nyimbo yako, mashine yao inaisikiliza. Ikiitambua, inasema, a-a, hii tuko nayo, tena safi. Basi inakupa ile yao. Ile yako inabaki kwa kompyuta peke yake."

"Na mimi nikaifuta."

"Ulikuwa hujui, mama."

"Nilikuwa na penseli, Shami. Nilipiga alama."

 Shami akaivuta laptopu, lakini hakuiwasha. Alimweleza kwamba kitu kikifutwa hakiondoki papo hapo, kinaachwa pale mpaka kingine kije kukaa juu yake. Ubaya ni kwamba siku ileile aliyofuta alipakua nyimbo mia moja na themanini. "Kuna mahali zilikaa," alisema. "Sijui kama zilikaa juu ya mama au kando. Tangu leo usiiwashe tena. Niachie mpaka Jumamosi, ngoja niangarie. Kwanza niambie, hiyo nyimbo mliiandikaje jina?"

 Jina halisi la wimbo lilikuja na toleo safi, lakini Shimwa alipohamisha kanda zile aliandika kila kitu kama alivyokikuta kwenye kadi ya kaseti. Winifred akaomba kalamu, akaandika kwenye kipande cha karatasi badala ya kutamka. Shami alisoma: MAMA KAHARIBU. Alikikunja kile kipande akakitia mfukoni mwa shati, akasema chai inapoa.

Jumamosi Winifred alifika kabla ya adhuhuri. Alikuwa amevaa kitenge cha kwendea harusini, na hata yeye asingeweza kukueleza kwa nini. Cherehani zilikuwa zinakwenda pande zote mbili za kichochoro. Shami alimwona kwa mbali, akazima feni ili pawe kimya, na hapo Winifred alijua kuna kitu kimepatikana, na kwamba si chote.

"Nyimbo nzima haikubaki," Shami alisema. "Nimepata kipande moja. Sekunde kumi na moja. Ile ya kabla yake nimeitafuta siku tatu, haiko, ile safi imeikalia. Na mama, hiyo kumi na moja, sijui kama ndiyo ulikuwa unataka."

Akampa visikilizio, akabonyeza.

Palitangulia mkwaruzo wa redio ya zamani, ule ambao Winifred alikuwa ameusahau, kisha ncha ya neno, nusu ya silabi ya mwisho, sauti ya mwanamke inayokatika kabla hujaishika. Halafu, karibu kabisa na kinasa sauti, kali na safi kuliko kitu kingine chochote kwenye kanda, sauti ya mtoto wa kike:

"Shhh! Mama, nyamaza! Unaharibu!"

Baada ya hapo gitaa. Na chini ya gitaa, kama ukijua cha kusikiliza, kandambili kwenye sakafu, hatua nne, zikiondoka.

Winifred alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake haukubadilika, ila mikono aliiweka mapajani na kuikamata, mmoja ukiushika mwingine. Alikuwa ameijua ile sauti ya mtoto miaka yote. Kila alipousikiliza wimbo alikuwa akiyachukua maneno matatu ya mama yake na kuziba masikio kwa yaliyofuata, na sasa yaliyofuata ndiyo yaliyobaki.

"Huyo mtoto ni nani?" Shami aliuliza taratibu.

"Ni mimi."

Mafundi wa nje waliendelea na kazi. Shami alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaivaa. "Iko na programu," alisema. "Naweza kupunguza hiyo sauti ya mtoto. Haitaisha kabisa, lakini itaenda chini. Ibaki redio na zile hatua."

Winifred alitikisa kichwa. "Mwache," alisema. "Usimnyamazishe. Niwekee kwenye simu kama kilivyo, na usikipandishe huko kwao."

Shami akaunganisha waya. Wakati simu ikipokea, Winifred aliomba akisikilize mara moja tena, akausogeza mkono wake mwenyewe kwenye kitufe. Hakungoja mama aseme. Alisikiliza kandambili. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, na kanda ikakatika mama akiwa bado hajafika mlangoni. Akajaribu kukumbuka kilichofuata siku ile, wimbo ulipokwisha naye alipozima rekoda. Alikumbuka rangi ya kigoda. Alikumbuka alivyoandika kwenye kadi ya kaseti kwa hasira, kalamu ikitoboa. Alikaa pale mpaka adhana ya adhuhuri ikaanza, akijaribu kukumbuka kama aliinuka akaenda kula, na hakukumbuka.