Pikipiki ya Mwalimu

Kijiweni kwetu Kasulu, hapa ninapouzia chai, kuna kijana wanayemwita Mwalimu, ingawa tangu amalize chuo kikuu hajapangiwa hata darasa moja. Anaendesha bodaboda ya tajiri mmoja mwenye duka la saruji. Kila asubuhi huifuta taratibu, kuanzia vioo mpaka spoki, kisha hupiga viganja kama mtu anayekung'uta vumbi la chaki. Sauti yake bado ni ya darasani. Akikutajia nauli, lazima amalizie, "Tumeelewana?" Ajira zikitangazwa huinamia simu mpaka chai yangu inapoa, halafu huinywa hivyo hivyo.

Juzi alipita mzee wa Heru Juu akiswaga ng'ombe wake wa pekee kwenda mnadani, nyuma yake binti aliyemaliza kidato cha sita. Mwalimu akamwamkia. Mzee akasimama.

"Nasikia wewe ulifika chuo kikuu. Huyu binti kachaguliwa, mkopo kakosa. Njia nzima najiuliza, nimuuze ng'ombe au nirudi naye?"

Kabla hajajibiwa, macho yake yakatua kwenye pikipiki iliyokuwa inang'aa.

"Si unaona, Recho? Aliyesoma hakosi. Mwenzako ana pikipiki yake."

Binti akamtazama Mwalimu usoni, akisubiri. Sisi tunaojua ni ya nani tukainamia vikombe. Mwalimu akafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa, "Shikamoo, baba," ingawa alishamwamkia.

"Marahaba, mwanangu," akasema mzee, akamgusa ng'ombe kwa fimbo, wakashika njia ya mnadani.