Godoro la Pande Mbili

Bati la paa letu, huko Kibokoni, lilitoboka mahali padogo pa kupitisha kidole, na mahali penyewe pakawa juu ya kitanda changu sawasawa. Ilikuwa miezi ile ya mvua ya El Nino, ambapo mji mzima haukuwa na nguo iliyokauka. Tulipogundua, godoro la harusi yangu lilikuwa limekunywa maji mpaka sufi imeshikana mabonge kama ugali wa jana. Tukalisimamisha ukutani. Halikukauka. Likaanza kunuka, na ile harufu ikashuka chini mpaka chumbani kwa mamangu, akaniuliza kama nimefuga mnyama.

Sikulisikitikia. Mimi ni mtu wa kufurahi upesi. Niliishia darasa la nane, nikakaa nyumbani kupindia leso za maduka ya Biashara Street, na mtu akishinda na sindano kutwa akili yake husafiri peke yake. Yangu ilisafiri moja kwa moja kwenye godoro jipya.

Tena lile la zamani lilikuwa na ila yake hata kabla ya mvua. Lilibonyea katikati. Mume wangu ni pande la mtu, hupakia magunia ya kahawa kwenye godauni, na mimi hata ukinipima na buibui langu likiwa limerowa maji sifiki nusu yake. Akishalala, godoro huwa bonde, nami huporomoka hata nikishikilia ukingo kwa mikono miwili. Asubuhi nilikuwa naamka pua yangu i kwapani mwake. Mimi nikicheka. Yeye akiamka ameshika kiuno.

Kiuno hicho ndicho kilichompeleka kulala kwao Majengo, kwa mamake, juu ya jamvi chini sakafuni.

"Mgongo wangu wataka mahali pagumu, mke wangu," aliniambia. "Nikilala hapa naamka mzee."

Mwanzo ilikuwa siku moja moja. Kisha ikawa siku anayolala kwetu ndiyo ya kuhesabiwa. Naye aliponioa alihamia kwetu, kama walivyofanya shemeji zangu wote, na mume anayerudi kulala kwa mamake huwa amesema neno hata asipofungua mdomo. Nyumba ilikuwa haijaanza kusema, lakini mimi nilikuwa nishaanza kusikiliza. Kwa hiyo lile tundu la paa nililiona kama heri iliyoshuka. Nikajiambia: nikipata godoro linalomfaa, atarudi. Nililiamini jambo hilo kama mgonjwa anavyoamini dawa kabla hajaionja.

Paa lilipozibwa na jua likarudi, tulitoka watu watatu: mimi, yeye, na shangazi yangu. Shangazi alikuja kwa sababu haipendezi mke na mume vijana kwenda peke yao kubonyeza magodoro mbele ya watu. Mtu mzima akiwepo, huo ni ununuzi. Asipokuwepo, ni hadithi ya kuhadithiwa barazani.

Tulianza dukani kwa Muhindi mmoja auzaye samani. Nililiona tangu mlangoni godoro la springi, limefunikwa kitambaa cha hariri chenye maua ya rangi ya dhahabu, nikalipenda kabla sijaligusa. Nikajiona nimeketi juu yake na leso zangu, mguu juu ya mguu, kama mke wa waziri. Mume wangu akaketi. Godoro likalia, ngiii.

"Simama, baba," shangazi akamwambia. Akasimama. Likalia tena. "Hebu keti." Likalia zaidi.

"Hapana," shangazi akasema. "Hili lina mdomo. Chini yao walala babake na mamake huyu binti, na dari yenyewe ni ya boriti. Sisi twataka godoro, hatutaki mtangazaji."

Mwenye duka alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nilijifunika uso mzima kwa buibui, nikabaki nikiwaangalia kwa uwazi mdogo, nikicheka humo ndani.

La sponji halikufika mbali. Mume wangu aliligandamiza kwa ngumi mpaka akagusa ubao, akasema huku ni kulalia kitanda kilichovishwa nguo. Tena lashika joto, shangazi akaongeza, na Mombasa hatuna haja ya kununua joto.

Tukatoka mikono mitupu. Njiani ndipo wazo lilipokuja, nami nikaliona zuri kiasi cha kusimama katikati ya njia. Yeye ataka pagumu, mimi nimezoea sufi laini. Mbona tusipate godoro moja lenye vyote viwili, kila mtu upande wake? Nikawaambia. Mume wangu akaniangalia kwa namna ambayo sikuwa nimeangaliwa siku nyingi, akasema, "Una akili wewe." Nilitembea mpaka Majengo kama niliyevaa viatu vipya.

Mshona magodoro alikuwa kibarazani kwake, si mbali na nyumba ya mama mkwe wangu, tambuu shavuni, shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magodoro, ameichomeka kwenye kofia. Nikamweleza: upande wa bwana ajaze usumba, zile nyuzi ngumu za kumbi la nazi, aukaze, upande wangu atie sufi, juu atandaze sponji nyembamba pande zote, kisha avishe kitambaa kimoja.

Fundi akatema tambuu pembeni. "Bibi, watu huja kwangu niwaunganishe. Wewe waja kutenganishwa?"

"Huyu aumwa na mgongo," shangazi akajibu kwa niaba yangu.

"Na yeye bibi?"

"Yeye aumwa na mume."

Wote wakacheka, hata mume wangu, hata mwanamke aliyekuwa akipita na ndoo. Fundi akamlaza mume wangu ubavu juu ya jamvi, akampitisha mkono chini ya kiuno kujua ajaze wapi na apunguze wapi. Mimi sikulala, itakuwaje nilale pale? Niliketi juu ya gunia la sufi, fundi akatazama gunia liliponywea, akasema basi, nishajua.

Akatupa na onyo. "Magodoro mengine mwayageuza, kichwani kwenda miguuni, yasije yakabonyea pahala pamoja. Hili msiligeuze hivyo. Mkiligeuza, bwana atalala winguni na bibi atalala sakafuni."

"Hatutaligeuza," mume wangu akasema. "Kila mtu na chake."

Lililetwa kwa mkokoteni wakati wa alasiri, limekunjwa ndani ya jamvi, maana godoro la mke na mume halipitishwi wazi mbele ya baraza. Wanaume walikuwa msikitini. Waliotuona ni paka. Tulipolitandika, mume wangu alijilaza upande wake, akapiga kelele ndogo ya raha, kama mtu aliyetua gunia.

Fundi alikuwa ameukaza sana mshono wa kati, ukavimba ukawa tuta baina yetu.

"Lala salama, jirani," aliniambia usiku wa kwanza, tukacheka tusisikike chini.

Na kweli alirudi. Alilala nyumbani, akaamka amenyooka, akashuka ngazi akipiga mluzi. Mamangu akawa anamwongezea yai kwenye chai ya asubuhi. Mimi sikuporomoka tena. Nilikuwa na wingu langu, yeye na ubao wake, na nikitaka kumgusa bega nanyoosha mkono kuvuka lile tuta. Mara nyingine nilinyoosha nikamkuta ameshalala, mgongo umenigeukia, mgongo mzima usiouma. Nikasema si kitu. Raha haiji na kila kitu.

Kisha mamake akaanza kuumwa. Pumu, mume wangu alisema, na usiku ndipo humbana. Akalala huko kumwangalia. Siku ya pili vilevile. Adhuhuri alikuwa haachi kuja kula, akatundika shati lake msumarini, akajinyoosha kidogo, akaondoka, na kwa hiyo nyumba ikawa haina habari. Mamangu alipouliza mbona asubuhi haonekani, nilimwambia, "Hutoka alfajiri, mama." Haukuwa uongo. Nilikosa kusema tu hutokea wapi.

Safari hii sikuwa na godoro la kulaumu. Nikamwonea imani mama mkwe. Nikawa napika uji mwepesi wa mchele, nautia kwenye sufuria yenye kifuniko, mume wangu anaubeba. Sufuria ilikuwa ikirudi imesuguliwa kwa jivu mpaka inang'aa, mimi mwenyewe siisugui hivyo. Nikasema, maskini, mgonjwa na pumu yake, na bado ana nguvu za kusugua. Wallahi ndivyo nilivyosema. Mtu anayependa kuota hahitaji usingizi.

Shaabani ikaingia. Kwetu kabla ya Ramadhani nyumba hutolewa nje yote: mapazia, mito, mazulia, na magodoro hushushwa uani yakapigwa jua na fimbo. Nikamwambia mamangu langu bado jipya, tuliache.

"Jipya ndilo litakalo jua," akasema. "Sufi ikishika unyevu tena utalia wewe."

Nikapanda juu kabla yao. Nikafunga mlango, nikalilalia upande wa mume wangu. Nikajibiringisha. Nikapiga magoti, nikarukaruka pale penye mgongo wake kama mtoto wa madrasa walimu wakitoka. Nikashuka nikatazama. Usumba ulikuwa umesimama vilevile. Uzito wangu haukutosha kuwa mume.

Wakalishusha, wakalitandaza juani. Sikuwa na haja ya kutazama, lakini nilitazama. Upande wangu ulikuwa umebonyea kama sinia, unaona bega hapa na nyonga pale. Upande wa pili ulikuwa umenyooka, na vishada vya nyuzi alivyovifunga fundi bado vimesimama kama siku viliposhonwa.

Jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa na fimbo mkononi. "Mashallah," akasema, "huyu bwana alala juu ya hewa? Ama mwamtundika msumarini na shati lake?"

Wanawake wakacheka. Yeye hakuwa na ubaya, alipenda mzaha tu. Shangazi hakucheka. Aliinama, akapitisha kiganja upande wangu, akavuka tuta, akakipitisha upande wa pili polepole mpaka mwisho. Halafu akanitazama usoni.

Mamangu ndiye aliyesogea kwanza. Akaja, akashika pembe za godoro, na yeye hata si mtu wa kuinua vitu, akalipindua juu chini peke yake. "Jua liingie na tumboni," akasema. Huko tumboni pande zote zilikuwa sawa.

Mume wangu alikuja adhuhuri kama kawaida. Shangazi alikuwa hajaondoka. Yeye ndiye aliyempakulia wali, akamchagulia na kipande cha samaki chenye nyama.

"Mgongo vipi, baba?"

"Umepona, shangazi. Lile godoro ni dawa."

"Dawa yenyewe hujaimeza," shangazi akasema.

Mume wangu alikuwa amefinyanga tonge. Akaliweka pembezoni mwa sahani. Mamangu akaondoka kwenda jikoni, na jikoni hapakuwa na kitu motoni.

"Nimeoa, shangazi," akasema. "Huko huko Majengo. Nilitaka kusema kabla ya mfungo."

"Na mamako?"

"Mamangu mzima."

Nilikuwa na maswali ya kutosha kujaza uani wote. Ni nani, ni binti wa nani, mzuri kiasi gani, ndiye anayesugua sufuria? Mdomo wangu ukachagua jingine kabisa.

"Na huko walalia godoro gani?"

Akanitazama kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. "La sufi," akasema. "La zamani. La marehemu mama yake mwenzio."

"Limebonyea?"

Akapangusa vidole.

"Katikati," akasema.

Hakuniacha, na mimi sikudai kuachwa. Sasa nina zamu, na anaigawa kwa haki, hapunguzi wala hachelewi. Watu wa Majengo na wa Kibokoni wote wamsifu kwa hilo. Siku yangu ikifika huja, hula, hupanda juu, hulala upande wake wa tuta. Hakoromi sana. Asubuhi hujinyoosha mikono yote miwili, mifupa ikalia, akaniambia, "Godoro hili, mashallah, halina mfano." Kwa mke mwenzangu huenda kulala. Kwangu huja kupumzisha mgongo.

Shangazi ataka nilirudishe kwa fundi alifumue, alijaze sufi tupu, tuta liondoke. Fundi mwenyewe nilimkuta njiani, akanicheka, akaniuliza wingu langu lingalipo. Nikamwambia lipo. Sikumwambia zaidi.

Juzi nilitandua shuka nikaupima upande wa mume wangu kwa kiganja, kama alivyofanya shangazi. Umeanza kubonyea. Nusu ya wangu, kasoro kidogo. Shaabani ijayo nitalishusha mwenyewe, nalo nitalitandaza uso juu, majirani waone.