Nusu Kipimo cha Rozalia

Joanitha aliletwa Kigoma na ajira. Mhaya wa Bukoba, ulimi mkali, mikono laini kuliko ya nesi yeyote niliyefanya naye zamu. Wagonjwa wa kansa walikuwa wake. Sisi wengine tuliwakwepa, tusidanganyane.

Mwaka ule Warundi walipofurika Kagunga, alitufikia Domitila kutoka kambi ya wakimbizi, titi limeoza, analia hata shuka likimgusa. Kupona hakukuwapo tena. Kilichobaki ni afe bila mateso. Joanitha akapata mofini ya maji, dawa ya kutuliza maumivu makali, akamkabidhi Rozalia, binti wa Domitila, maana manesi tulikuwa wachache na ndugu ndio walionywesha.

Bado mama alilia. Joanitha akainua chupa dirishani. Ilikuwa karibu kujaa.

"Rozalia! Unampa kiasi gani?"

"Nusu, Sista. Kambini posho ilipopunguzwa, waliomaliza mapema watoto wao walilala njaa. Akiba haiozi."

"Akiba ya nini, na mama yako anateseka leo? Mpe kipimo kizima. Ikiisha nitaleta nyingine. Nimesema mimi!"

Rozalia akatii. Domitila akalala, usingizi wa kweli. Alipoamka aliomba ugali wa muhogo na dagaa, akamsogezea Joanitha tonge.

"Kula, mwanangu. Ndizi zenu hizo zitakuua."

Wodi nzima ikacheka. Nami nilifurahi, nikaona Joanitha ameshinda.

Kisha chupa ikaisha. Stoo haikuwa na kitu. Mzigo ulikwama njiani, mvua imekata barabara. Joanitha alipiga simu kila alikojua mtu, akazunguka maduka ya dawa mpaka Ujiji, akarudi na panadoli. Panadoli, kwa titi lile!

Domitila alilia mpaka sauti ikamkauka. Rozalia hakumlaumu mtu. Alitia maji kidogo kwenye chupa tupu, akaitikisa, akamnywesha mama yake yale maji. Joanitha alitoka nje akaangua kilio ukutani.

Domitila alikufa ameuma shuka.

Mzigo ulipofika, kitanda kile kilikuwa na mvuvi wa Ilagala. Mkewe alimimina kipimo kizima, akatazama huku na huku, akarudisha nusu chupani. Joanitha alimwona. Akamwacha, akaenda kitanda cha pili.