Udongo Chini ya Kokoto

Mvua ikilowesha ukuta wa matofali, harufu yake hunirudisha bondeni Nyakitonto, mama alipokuwa akitafuta udongo wa kufyatulia matofali ya nyumba yetu ya kwanza. Mvua zilikaribia, nasi bado tulilala chini ya turubai.

Jembe lilipita udongo mweusi, likagonga kokoto. Nikaanza kulia.

"Mama, hapa hakuna kitu. Turudi."

"Mwana wanje, mwanangu, hata jembe halijachoka, wewe unalia?" Akaniwekea kokoto moja mkononi, laini kama yai. "Hii imetoka mlimani. Zamani sana mlima ulipoinuka, maji yalishuka kwa nguvu, yakabingirisha mawe mpaka hapa. Kabla ya hapo mlima ulikuwa mfupi, maji yakitembea polepole, yakileta tope laini tu. Sasa hilo tope liko wapi?"

Nikafikiri. "Chini ya kokoto?"

"Ee! Haya, chimba wewe."

Nilichimba mpaka jembe likazama bila kelele. Mama akamega bonge la kijivu, la baridi, akalifinya. Halikupasuka. Akacheka peke yake, kisha akanipaka kidogo puani.

"Nusa," akasema. "Nusa nyumba yako."