Neksti Tatu za Marehemu Deo

Jamani, chekeni tu, maana kulia nimeshalia: mimi, fundi kompyuta wa Katandala ninayejulikana mtaa mzima, niliumbuka mbele ya kwaya.

Kiingereza sikijui. Mume wangu Deo (Mungu amrehemu) alinifundisha kupakia programu kwa kunishika mkono na kuupeleka kwenye kitufe cha chini kulia, "Neksti, neksti, neksti, finishi, mke wangu," nikakariri kama litania, na tangu atangulie nimeishi mjini kwa litania hiyo.

Basi kwaya ya Malangali ikapata kompyuta mpya, na Jumapili hiyo nilitakiwa kuipakia programu ya kuchapa kijitabu cha nyimbo alizotunga Deo (mama mkwe alikuja kutoka Mwazye kwa ajili hiyo tu), tena kioo cha kompyuta kikamulikwa ukutani wote waone. Mwalimu Sabina, anayefundisha kompyuta shuleni, akaninong'oneza, "Dada, mfumo huu ni mpya, tuusome kwanza." Nikamjibu kwa sauti, "Mwalimu, wewe fundisha, kupakia niachie mimi!" Wakanipigia vigelegele, nikavimba kichwa.

Natafuta kile kisanduku cha neksti alichonionyesha Deo, hakipo, kuna orodha ndefu ya sijui nini, lakini chini kulia kitufe kipo, nikasema ndicho hicho, nikabonyeza, kikauliza swali, nikakubali, neksti, neksti, finishi, nikageuka kusubiri makofi.

"Dada," Sabina akasema, "hicho ni kitufe cha kufuta, umeiondoa programu ya kuandikia iliyokuwemo."

Kijitabu, kilichoandikwa kwa programu hiyo, kikagoma kufunguka. Mama mkwe akauliza, "Kwani mwanangu alikufundisha kufuta?" Ukumbi ukaangua kicheko, mimi machozi.

Sabina alirudisha kila kitu kwa sidii, ile sahani iliyokuja na kompyuta, huku akinieleza taratibu: "Zamani kila programu ilikuja na mlango wake, ikamwaga vitu popote, mashine zikaugua. Sasa mfumo unataka mlango mmoja, ile orodha uliyoiona, ujue nani kaingia, nani katoka." Nikamwelewa, hata kihenge cha mahindi ukikitoboa kila upande, unalisha panya. Nyimbo zikachapwa, zikaimbwa, mama mkwe akanikumbatia.

Tangu siku ile nimeapa sibonyezi nisichosomewa nikakielewa. Ila kompyuta yetu ya zamani siiuzi. Nikimkumbuka sana Deo naiwasha, napakia mchezo wa karata ambao hata siuchezi, neksti, neksti, neksti, na mkono wake nausikia juu ya wangu. Nikifika finishi, nasita.