Jiko Lililovuka Maji

Kosa langu lilikuwa kupiga simu. Ningenyamaza, mke wangu angelala. Lakini mimi nimelelewa Mbale, na kwetu huwezi kupita mji alikoolewa dada yako kimyakimya kama mwizi wa kuku. Atakuona mtu mmoja tu pale stendi, na utasemwa mpaka kwenye matanga ya watu wengine. Basi nikapiga. "Tutapita kusalimia tu," nikasema. Mtu mzima mwenye mvi, nikaamini neno langu mwenyewe.

Safari yenyewe haikuwa yangu. Mimi ni mtu wa baraza. Nina kiti changu pale Namakwekwe, mtaa wetu wa Mbale, nje ya mlango wetu, ambacho kimeshika umbo langu kiasi kwamba mgeni akikikalia anainama upande. Aliyetaka kutoka ni mke wangu. Mama yangu aliugua nyumbani kwetu muda mrefu, akafia mikononi mwa mke wangu, si mikononi mwangu. Mimi nilikuwa barazani napokea pole za ugonjwa. Baada ya maziko waombolezaji walibaki, wakala, wakanywa chai, wakaondoka mmoja mmoja bila haraka. Siku alipoondoka wa mwisho, mke wangu alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa akasema, "Nataka siku moja tu nisisikie mtu ananiita."

Hakulia wala hakununa. Ndiyo maana niliogopa.

Nikaulizauliza, nikaambiwa kuna kisiwa karibu na Jinja. Kijani, kimya, hakina hata boda boda moja. Unavuka kwa mashua, unatandika leso chini ya mti, unalala, unarudi jioni. Nikaona hata mimi naweza utalii wa namna hiyo, maana sehemu kubwa ni kulala.

Jinja ilikuwa imefurika. Wazungu waliovaa kofia ngumu wamebeba makasia barabarani, muziki unatoka kila mlango, watu wa boda wanatuvuta mikono: "Bosi, twende chanzo cha Nile! Mama, panda!" Mke wangu alitembea ameziba sikio moja kwa kiganja.

"Kisiwa kiko wapi?"

"Karibu tu. Tusalimie kwanza."

Akanitazama. Ameishi nami miaka mingi, anajua salamu za kwetu zinavyorefuka.

Dada yangu anakaa Nalufenya, hapo hapo Jinja. Mume wake ni Msoga, Mwislamu, anauza vitenge sokoni, na mdomo wake hauna likizo. Sikwenda mikono mitupu. Nilikuwa nimebeba malewa, chakula chetu Wagisu, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani yanayokaushwa kwa moshi. Dada akafungua mfuko, akanusa, akapiga vigelegele.

"Wifi! Umeniletea malewa! Leo utatupikia."

"Na wewe si Mgisu?" nikajaribu.

"Mimi niliolewa huku, mkono umesahau. Malewa ni ya wifi."

"Lakini sisi tunakwenda kisiwani kupumzika."

"Vizuri sana," akasema shemeji, tayari anatafuta kofia yake. "Tutakwenda wote. Mgeni haachwi peke yake, shemeji, watu watasema tumewatupa. Tutapikia huko huko."

Hapo mwanamume mwenye akili angesema hapana. Mimi nilisema asante.

Malewa yakalowekwa, yakachemshwa, maji yakamwagwa, yakachemshwa tena. Dada alizungumza, mke wangu alichemsha. Jua lilikuwa limeshapita kichwani tulipoingia kwenye mashua na sufuria, karanga za kusaga za kuyaungia, mfuko wa mkaa, na jiko ambalo shemeji alilipakata kama mtoto mchanga. Mke wangu alikuwa ameibana leso yake kwapani. Aliibana hivyo tangu Mbale, bado haijakunjuliwa.

Kisiwa kilikuwa kama nilivyoambiwa. Nyasi ndefu, miti mikubwa, ndege weupe wamesimama majini kama wanaosubiri kuitwa kwa daktari. Kimya kilikuwepo kweli. Kilidumu mpaka tulipofika sisi.

"Wifi, mkaa umeshika!"

"Wifi, chumvi umeiweka wapi?"

"Wifi, shemeji yako njaa inamuua!"

Mke wangu akaitika kila mara, kwa sauti ileile aliyomwitikia mama. Nikaona akitazama kivuli cha mti mmoja, kisha akachuchumaa mbele ya jiko. Nikasimama.

"Nenda ulale. Nitakoroga mimi."

Dada alicheka mpaka akashika mti. "Wewe? Mwanamume wa Kigisu? Ulisimama jandoni mbele ya ukoo mzima, kisu kikapita hukupepesa jicho, leo unachuchumaa jikoni?"

"Kisu kilimaliza upesi," nikasema. "Hizi karanga sijui zitaisha lini."

Mke wangu hakucheka. Akanikabidhi mwiko. "Usiache kukoroga. Ukiacha, zinashika chini." Akakunjua leso, akalala, uso akaugeuzia upande wa maji.

Kila aliyefungua mdomo nilimwinulia mwiko. Shemeji alijaribu kunong'ona habari za bei ya vitenge, nikamwinulia na yeye. Mkono uliwaka, moshi ukanitoa machozi, mgongo ukaniuliza kama nimesahau umri. Halafu nikageuka kumtazama mke wangu. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo, kiganja kimefunguka kwenye nyasi. Kwa muda mrefu sikuwa nimekiona kiganja kile hakijashika kitu. Nikasahau mwiko.

Harufu ndiyo iliyoniamsha.

"Shemeji," akanong'ona mwenye njaa, akitazama sahani yake, "hii ni malewa au ni mkaa?"

"Kula kimya."

Wakala kimya. Mwenye mashua akaja akaonyesha juu kwa kidole, mawingu meusi yanakuja kutoka ziwani. Nikamwomba asubiri. Tulingoja mpaka matone ya kwanza, na hakuna aliyemwita mke wangu. Nilimgusa mguu tu.

Alikula ndani ya mashua, kutoka kwenye sufuria, kwa mwiko.

"Umeziunguza."

"Nimeziunguza."

Akakwangua mpaka chini, akanirudishia mwiko.

Tulirudi Namakwekwe tumelowa. Kesho yake, nikiwa kwenye kiti changu, jirani yetu, mzee wa kaskazini aliyestaafu kazi ya magereza, akaja kuuliza habari za safari. Nikamweleza yote, na sehemu ya mwiko nikairudia kwa maringo kidogo. Ndani, mke wangu alikuwa ameshaanza kuosha masufuria. Afande akasikiliza hadi mwisho, akatazama mlango wa jikoni, akakitazama na kiti changu.

"Bwana, kama mama alitaka kulala tu, si ungepika hapa hapa? Mashua ulipanda ya nini?"