Kwenda Rusinga Kuchagua Pikipiki

Ng'ombe akiwa kwenye joto hasubiri mtu. Asubuhi anataka dume, jioni pengine bado anataka, kesho yake ukifika anakutazama kama hajui umefuata nini. Kazi yangu hapa Kegonga ni kuwapandikiza ng'ombe mbegu za madume bora, madume ambayo wafugaji wetu huyaona kwenye picha tu, na nikichelewa mfugaji hukaa wiki tatu akingoja joto jingine huku akinitaja kwa majirani. Ana kwa ana wananiita Daktari. Kwa majirani nina jina jingine.

Kwa miaka mingi nilibebwa na Mwita, mwanabodaboda wa sokoni kwetu, yeye mbele, mimi nyuma, na mtungi wa mbegu katikati. Kisha Mwita akanieleza kwamba amepata kazi kwenye machimbo ya dhahabu huko Nyatike na mwisho wa mwezi ataondoka. Akajitolea kunifundisha kuendesha kabla hajaenda, na kuniuzia pikipiki yake nilipe polepole. Wiki hiyohiyo shemeji yangu Okello, aliyemwoa dada yangu Robi na kumpeleka kisiwani Rusinga, akapiga simu: pikipiki yake ya zamani imekaa tu, nije niichukue bure.

Wafugaji wawili walikuwa wameshaanza kumwita mtu mwingine kutoka Kehancha. Nikichagua mashine ya kunilaza njiani, wengine wangemfuata huyo, nami ningebaki na mtungi wangu. Kwa hiyo nilimwomba Mwita twende Rusinga kwa pikipiki yake, nijifunze njiani, kisha nizilinganishe zote mbili.

Tofauti yenyewe ni hii, na kama hukuijua usione haya, nami nimeijua juzi tu. Pikipiki ya Mwita ina injini ya mipigo minne, ambayo mafundi wetu huiita fostroki. Ni kama mpishi mwenye utaratibu: anatia vitu chunguni, anafunika, anapika, kisha anamwaga taka, hatua moja baada ya nyingine. Oili yake hukaa chumbani mwake na haikutani na petroli. Ya Okello ni ya mipigo miwili, tustroki. Huyu ni mpishi mwenye haraka, anatia na kumwaga kwa pamoja, ndiyo maana injini ni nyepesi, ina vyuma vichache, na ukiigusa inaruka. Ila haina chumba cha oili. Oili huchanganywa na petroli humohumo tangini, ikaungua nayo, na ndiyo hutoa ule moshi wa buluu. Ukitia petroli tupu, vyuma husagana vikavu hadi injini ikakamata na kunyamaza.

Nilimweleza Mwita haya yote kabla hatujaondoka. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama ninajua klachi iko mkono gani.

Kegonga hadi Kehancha niliendesha mimi, umande ukiwa bado majanini, Mwita akiwa nyuma na bango la herufi L likining'inia chini yake. Kwenye mteremko wa kwanza nilibana breki kwa vidole vyote. Akaniambia niachilie, nishushe gia, nifunge mafuta. "Iachie injini ikushike," alisema. "Breki ni ya kusaidia tu." Nikafanya hivyo, na kweli mashine ikakaza yenyewe, kama kuna mtu nyuma ameshika mkia. Hiyo ni tabia ya fostroki. Tustroki ukifunga mafuta kwenye mteremko hukuacha uende zako. Nilianza kujiona mjuzi, na nikiwa katika hali hiyo injini ikanizimikia mbele ya kina mama wauza ndizi wa Kehancha. Mmoja akamuuliza Mwita kwa upole tangu lini yeye ndiye mteja.

Migori hadi Rongo, barabara ilijaa malori ya miwa, nikampa Mwita usukani bila kuombwa. Mimi ni mwanafunzi, sikutoka nyumbani kutafuta mazishi. Baada ya Rongo, njia ya kwenda Homa Bay ilipotulia, niliichukua tena, na kufikia Rodi nilikuwa nabadilisha gia bila kuiangalia. Tulisimama hapo kwa chai na mandazi. Nilifanya kosa la kutaja shida yangu, na kibanda kizima kikanishauri. Aliyekuwa na uhakika kuliko wote, wa kukataa tustroki katakata, alikuja kueleza baadaye kwamba yeye hutembea kwa miguu.

Alasiri tuliipita Homa Bay, ziwa likiwa upande wetu wa kulia, upepo ukitusukuma kuelekea vilima vya Gembe. Mbita tulivuka daraja, tukawa kisiwani.

Okello ana boti mbili za injini na roho inayotosha boti kumi. Kabla sijavua helmeti alishanishika mkono na kunipeleka nyuma ya nyumba, akafunua turubai. Pikipiki ilikuwa nyekundu, nyembamba, imepanguswa mpaka ikang'aa. Aliipiga teke moja ikawaka. Nikaipanda nikaizungusha kwenye njia ya ufukweni, na ninakiri kwamba moyo wangu ulikwenda nayo. Mimi ni mfupi. Kwenye pikipiki ya Mwita hugusa chini kwa ncha za vidole, kwenye hii nyayo zote mbili zilikaa ardhini, na kwa mtu anayejifunza jambo hilo ni kubwa kuliko injini. Okello alinieleza kwamba kisiwani kila mtu anajua kuitengeneza, kwa sababu injini za boti ni tustroki vilevile. Tena ni zawadi. Mwita alisimama kando akiitazama yake.

Jioni tulikula samaki wa ziwani, ngege, na ugali. Robi alikuwa hatulii, akiingia na kutoka, kama desturi yake mgeni anapolala kwake.

Asubuhi, Mwita aliwasha pikipiki yake ili tuizungushe kidogo, na ua wote ukajaa moshi wa buluu.

Okello alisogea, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kutoa rambirambi. "Mwita, si ulisema hii ni mpya?"

"Ni mpya."

"Mbona inakohoa kama mzee?"

Majirani wawili walipanda kutoka ufukweni kuja kuona. Wa kwanza alisema ringi zimekwisha. Wa pili alisema ni vali, akaongeza kwamba hizi fostroki zina vyuma vingi, na chenye vyuma vingi kina magonjwa mengi. Mwita alichomoa plagi akaikuta nyeusi na imelowa. Hakujitetea. Alijua mnunuzi wake anaondoka huku amesimama palepale, na kweli nilikuwa nimeshafungua kinywa nimshukuru Okello kwa zawadi.

Kilichonizuia ni harufu. Moshi ule ulinukia sawasawa na ule wa jana, wa pikipiki nyekundu. Nikauliza nani ametia petroli.

"Mimi," alisema Robi, akitokea jikoni na birika. "Mgeni aende na tangi tupu, watu wa Kegonga waseme nini?"

"Uliitoa wapi?"

"Kwa mtungi wa boti. Kwani kuna ingine?"

Okello alicheka mpaka akakaa chini. Katika nyumba ile petroli na oili zimeishi pamoja kwa muda mrefu hata hakuna anayekumbuka kwamba ni vitu viwili. Majirani wakashuka ufukweni bila kuaga, na ringi zao na vali zao. Tuliimwaga petroli ile kwenye tangi la pikipiki nyekundu, tukabakiza ya kutufikisha Mbita tu, Mwita akasafisha plagi, nami kama kawaida yangu nikaanza kueleza: fostroki ukiitilia mchanganyiko wa boti hutoa moshi na kuchafua plagi, lakini haifi kwa tangi moja, ukiitilia petroli safi inapona.

Hapo nikasikia maneno yangu mwenyewe. Je, kosa likienda upande wa pili? Kwetu Kegonga mfugaji akifurahi naye hufanya kama Robi. Mara nyingi ninaponawa mikono baada ya kazi, mtu huwa ameshamtilia Mwita petroli kutoka kwenye mtungi wa posho mili, mashine ya kusagia unga, petroli tupu, wala haulizwi mtu. Nikamweleza Okello hivyo.

Kicheko kikamwisha. "Shemeji, wanaweka tu hivyo? Bila kukuambia?"

"Kama Robi alivyomwekea Mwita. Kwa upendo."

Aliigeukia pikipiki yake. "Basi hapana," alisema. "Huyu mtamuua. Tena mtamuua mkicheka."

Hivyo ndivyo zawadi ilivyorudishwa na mwenyewe kabla sijapata taabu ya kuikataa, na yeyote aliye na shemeji anajua nilivyoponea chupuchupu. Okello aliifunika kwa turubai kwa huzuni kubwa, huzuni ya mtu ambaye hajapoteza kitu. Robi aliponisindikiza alininong'oneza kwamba mumewe huiosha kila Ijumaa kabla Sabato haijaingia, na kwamba tangu anipigie simu alikuwa hali chakula vizuri.

Mbita tulijaza petroli safi kituoni. Moshi ulitufuata, ukapungua, na kabla ya Homa Bay ukawa umekwisha. Mwita alipata sauti yake tena na kuanza kunikosoa kila kona, ishara kwamba mambo yako sawa. Rongo hadi Migori aliendesha yeye. Kehancha hadi Kegonga niliendesha mimi, kwenye mlima, mtu mzima akiwa nyuma, na haikuzimika hata mara moja. Nilipoifikisha nyumbani nilimwambia nimeichukua.

Kwako wewe unayetaka kujifunza, sisemi kwamba tustroki ni mbaya. Ningeishi Rusinga ningekuwa nayo leo, na nyayo zangu zingekuwa chini. Ila mwanafunzi hujichunga sana na makosa yake mwenyewe na kusahau yale ambayo wengine watamfanyia kwa nia njema. Kabla hujachagua, uliza ni nani atakayeligusa tangi lako wakati hupo, na mashine gani itamsamehe. Mengine, klachi, gia, miteremko, utayajua. Mimi nimeyajua, na wanaonifahamu watakuambia mikono yangu ni mizito.

Mwita alipokwenda Nyatike, simu ya kwanza nikiwa peke yangu ilitoka kwa mfugaji mmoja karibu na mpaka wa Tanzania. Kulikuwa kumenyesha. Nilifunga mtungi nyuma, nikateremka kwenye utelezi kwa gia ya kwanza, mafuta yamefungwa, injini ikinishika, na nikafika langoni nikiwa nimelowa jasho kuliko mvua. Mfugaji alitoka na mswaki mdomoni, akaitazama pikipiki, akanitazama mimi.

"Daktari, umekuja na nani?"

"Peke yangu. Ng'ombe yuko wapi?"

"Bado tunamtafuta," alisema. "Sisi tulijua utachelewa."